Uliza Mwalimu: Ile Mombasa Iliyo Angani

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba kuna mawe angani yenye majina ya miji na mito yetu. Tangu hapo barua hazijakatika. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

*

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Tudor. Uliandika kwamba kuna asteroidi inayoitwa Mombasa. Kaka yangu anasema hizo ni porojo za magazetini. Je, ipo kweli? Nani aliiona na kwa nini akaipa jina hilo? Na naweza kuiona nikiwa hapa nyumbani?*
*Mwanafunzi, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Ipo, na kaka yako mpe namba yake aende akaitafute mwenyewe: 1428. Katika orodha ya kimataifa huandikwa 1428 Mombasa, na chanzo cha jina hilo ni mji wetu wa bandari, hakuna Mombasa nyingine.

Ni jiwe lenye upana wa kilomita 50 hivi. Kisiwa chetu chote, kuanzia Nyali Bridge mpaka Likoni, kingekaa juu yake na nafasi ikabaki tele. Ni jeusi kama masizi ya sufuria, kwa kuwa ni la lile kundi la asteroidi zenye kaboni nyingi, ambazo zinameza karibu mwanga wote unaozipiga. Linajizungusha lenyewe mara moja katika kila saa 17 hivi. Linalizunguka Jua katika ule ukanda mkubwa wa asteroidi uliopo kati ya Mirihi na Mshtarii, likiwa umbali wa kilomita milioni 360 linapolikaribia Jua na kama milioni 480 linapokuwa mbali. Mzunguko mmoja huchukua miaka minne na robo tatu hivi, ingawa linakwenda kasi ya kilomita 17 au 18 kwa kila sekunde.

Aliyeligundua ni Cyril Jackson, tarehe 5 Julai 1937, katika kituo cha falaki cha Johannesburg, Afrika Kusini, kilichojulikana wakati huo kama Union Observatory. Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaletwa Afrika Kusini akiwa bado mtoto. Katika maisha yake aligundua asteroidi 72, na pia nyotamkia, mbili kati ya hizo zinabeba jina lake pamoja na majina ya wenzake. Kituo chenyewe kilianza mwaka 1903 kikiwa cha hali ya hewa, juu ya kilima kilichokuwa nje ya mji. Mji ulikua, taa zikakizunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikafungwa, kazi ikahamishiwa Sutherland, kwenye nyika kavu ya Karoo ambako giza bado ni giza.

Sasa nataka ujue kazi hiyo ilifanywaje, maana watu wengi hudhani mgunduzi huweka jicho kwenye darubini, akapiga kelele, basi. Mwaka 1937 hakuna aliyewinda asteroidi kwa jicho. Johannesburg walikuwa na kamera kubwa ya nyota yenye lenzi ya upana wa inchi 10, iliyotoka kwa Mwingereza mmoja, John Franklin-Adams, ambaye alikuwa ameitumia kupiga picha za anga lote. Haikutumia filamu ya mkanda. Ilitumia bamba la kioo lililopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga. Unaliweka bamba gizani, unafungua kamera, na kwa muda mrefu kamera inazungushwa pole pole kufuata nyota ili zisihame kwenye kioo. Ukimaliza, unaliosha bamba kwenye chumba cha giza. Kwenye kioo hicho nyota ni vidoa vyeusi juu ya weupe, maelfu kwa maelfu, maana ni picha hasi.

Asteroidi haikai na nyota. Kwa siku moja inaweza kusogea karibu nusu ya upana wa Mwezi tunavyouona. Kwa hiyo katika picha ya saa moja haitoi kidoa, inatoa kistari. Lakini kistari hicho kwenye kioo ni sehemu ndogo ya milimita! Lazima uweke bamba chini ya lenzi na ulipitie pande zote, sentimita kwa sentimita, ukitofautisha kistari na mkwaruzo, kistari na vumbi, kistari na nyota mbili zilizogusana. Njia nyingine ni kuchukua mabamba mawili ya eneo lile lile yaliyopigwa nyakati tofauti, ukayatia kwenye hadubini inayokuonyesha moja, kisha la pili, kisha la kwanza, kwa haraka. Nyota zote zinatulia. Kitu kilichohama kinaruka huku na huku. Katika kituo hicho hicho, mwaka 1915, Robert Innes alitumia hadubini ya namna hiyo akagundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha Jua.

Jaribu hili, mwanangu. Chukua karatasi mbili nyembamba za kunakilia ramani. Kwenye ya kwanza chora nukta hamsini ovyo ovyo. Weka ya pili juu yake, nakili nukta zote ila moja, na hiyo moja uisogeze upana wa ncha ya kalamu. Mpe kaka yako karatasi hizo zikiwa kando kwa kando atafute iliyohama. Atahangaika. Kisha zipandanishe sawasawa, uwe unaifunua na kuifunika ya juu kwa haraka. Ataiona papo hapo. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na sijaona darasa ambalo halikupiga makelele nukta ile iliporuka.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Hebu tazama tarehe. Tanga ilionekana 19 Juni 1930. Kenya na Uganda, naam, nazo zipo, zilionekana siku moja, 15 Juni 1933. Pemba ni 2 Julai 1937. Mombasa na Somalia ni 5 Julai 1937. Zote Johannesburg, zote Juni na mwanzo wa Julai. Kwa nini?

Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa upande wa pili kutoka kwenye Jua, yaani inapochomoza Jua likizama. Mwezi Juni na Julai Jua limekwenda kaskazini, kwa hiyo upande wa pili wake uko kusini, kwenye makundi ya nyota ya Nge na Mshale. Eneo hilo usiku wa manane hupita karibu na utosi kwa mtu aliye Johannesburg. Kwa mtu aliye Ulaya eneo lile lile liko chini, karibu na upeo, kwenye ukungu na moshi, na usiku wenyewe wa kiangazi chao ni mfupi. Johannesburg ni majira ya baridi: usiku mrefu, hewa kavu, hakuna mvua, na mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wenzao wa Ulaya walikuwa na vituo vingi na pesa nyingi, lakini miezi hiyo anga la asteroidi lilikuwa la watu wa kusini. Mombasa ilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa macho upande huu wa dunia katika majira yanayofaa.

Kuhusu jina: mgunduzi ndiye aliyekuwa na haki ya kupendekeza, na orodha ya Jackson imejaa Afrika tele. Ukifungua orodha kuanzia 1427 utakuta zimefuatana sita bila kukatika, zote zake, zote za 1937: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia. Mahali pengine kuna Nyanza, namba 1356, na Tana, namba 1641.

Na kuiona kutoka Tudor? Kwa jicho, hapana. Hata inapokuwa jirani mwanga wake ni hafifu mara mamia kadhaa kuliko nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona porini usiku wa giza. Inataka darubini nzuri yenye kamera. Katika asteroidi zote za ukanda ule ni Vesta peke yake ambayo mara moja moja hufikia kuonekana kwa macho matupu, tena ujue pa kutazama.

Najua utauliza upana wa kilomita 50 ulipimwaje ikiwa hakuna aliyefika. Mwanga peke yake hudanganya: jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi yanaweza kuonekana sawa. Lakini jiwe jeusi linameza mwanga wa Jua, linapata joto, na joto hilo linatoka kama miali isiyoonekana kwa macho. Setilaiti zilizotengenezwa kupima miali hiyo, IRAS ya mwaka 1983 na baadaye WISE iliyorushwa 2009, zilipima maelfu ya asteroidi kwa njia hii. Ukijua joto linalotoka na mwanga unaorudi, unapata ukubwa na weusi kwa pamoja.

*

*Mwalimu, hujambo. Sisi wa Tanga tumefurahi kusikia tumo, lakini kuna jambo haliniingii akilini. Nimesoma mahali kwamba Tanga iligunduliwa 1930 na Mombasa 1937. Sasa mbona Mombasa ni namba 1428 na Tanga ni 1595? Mkubwa amegeuka vipi kuwa mdogo?*
*Fundi wa redio, Ngamiani*

Sijambo, ndugu yangu. Swali lako ni la mtu anayesoma kwa makini, na jibu lake ndilo roho ya kazi yote.

Namba haitolewi siku jiwe lilipoonekana. Hutolewa siku njia yake ilipothibitika. Siku ya kwanza kitu hupewa alama ya muda tu. Tanga ilipewa 1930 ME. Mombasa ilipewa 1937 NO. Alama hizi zinasomeka. Mwaka unajulikana. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B nusu ya pili, na kuendelea hivyo, ila herufi I inarukwa. M ni nusu ya pili ya Juni, N ni nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni foleni: E ni wa tano, O ni wa kumi na nne, na hapa pia I inarukwa. Kwa hiyo Tanga ilikuwa ya tano kuripotiwa katika nusu ya pili ya Juni 1930, na Mombasa ya kumi na nne katika nusu ya kwanza ya Julai 1937. Pemba ni 1937 NH. Hebu ihesabu mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu inaanza. Picha za usiku mmoja au mbili zinakuambia jiwe lilikuwa wapi. Hazikuambii litakuwa wapi mwakani. Lazima lionekane tena, na tena, miaka tofauti, ili obiti yake, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ihesabiwe bila shaka. Lisipoonekana tena, limepotea, na mtu mwingine anaweza kulikuta baada ya miaka akadhani ni jipya. Tanga, ambayo kwa rekodi waligundua Jackson pamoja na Harry Edwin Wood aliyekuwa mkuu wa kituo, ilichelewa kupata uthibitisho kuliko Mombasa. Ruanda hali kadhalika: ilionekana 1935, lakini namba yake ni 1638.

Hofu hii ya kupoteza ilianza na ya kwanza kabisa. Giuseppe Piazzi, padre mwanafalaki wa Palermo, aliiona Ceres tarehe 1 Januari 1801. Akaifuata mpaka Februari, akaugua, na Ceres ikaingia kwenye mng'aro wa Jua. Ilipotarajiwa kutoka upande wa pili hakuna aliyejua aitafute wapi, maana Piazzi alikuwa ameona kipande kidogo mno cha njia yake. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akabuni hesabu mpya ya kupata obiti nzima kutokana na vipimo vichache. Mwisho wa mwaka ule ule, tarehe 31 Desemba, Franz Xaver von Zach akaelekeza darubini pale hesabu ya Gauss iliposema, akaikuta. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba Ceres iligunduliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa darubini na mara ya pili kwa kalamu, na siwezi kusema ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili namba zilikuwa zikitolewa Berlin, Ujerumani. Mwaka 1947 kazi ilihamia Cincinnati, Marekani, na tangu 1978 iko Cambridge, Massachusetts, katika Kituo cha Sayari Ndogo. Kwa hiyo wewe na watu wa Tanga msione mmeshushwa. Namba 1595 inasema tu kwamba jiwe lenu lilikaa kwenye foleni muda mrefu zaidi.

*

*Mwalimu, mwanangu wa darasa la nne tangu asome habari ya mawe ya angani hataki kulala peke yake. Anauliza hiyo Mombasa ikituangukia? Nimwambie nini?*
*Mama Salma, Voi*

Mwambie haiwezi, dada yangu, na ueleze kwa nini, maana mtoto hatulizwi na neno "usiogope" peke yake. Mchoree Jua katikati, duara la Dunia, na duara la Mombasa nje yake. Maduara hayo hayagusani popote. Hata jiwe hilo likiwa mahali pake pa karibu kabisa na Jua, na Dunia ikiwa upande huo huo, kati yetu kuna zaidi ya kilomita milioni 200. Asteroidi zinazoangaliwa kwa hofu ni za kundi jingine, zile ambazo njia zao zinaikaribia njia ya Dunia, na zina watu wanaozifuatilia kila usiku. Huyu wetu anakaa kwake.

*

*Bi Mwalimu, nakusoma kila mwezi. Lakini naomba unijibu kwa uwazi. Mwaka 1937 sisi tulikuwa chini ya mkoloni. Mzungu aliyekaa Johannesburg alichukua majina ya miji yetu na mito yetu akayabandika kwenye mawe yake. Nani aliulizwa? Tushangilie nini hapo?*
*Mstaafu wa bandari, Kisauni*

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna aliyeulizwa. Hilo nalisema kwanza, wala sitalifunika.

Ukiisoma orodha ya Jackson unaiona Afrika ya wakati wake jinsi ilivyokuwa, na mabaya yake. Namba 1197 ni Rhodesia. Namba 1354 ni Botha, jina la Louis Botha, waziri mkuu wa kwanza wa Muungano wa Afrika Kusini. Inayofuata, 1355, ni Magoeba, chifu wa Transvaal aliyepigania ardhi yake akauawa mwaka 1895. Kisha 1357 ni Khama na 1358 ni Gaika, majina ya watawala wa Kiafrika. Chaka naye yumo, namba 1246. Nikisoma Botha na Magoeba wakiwa wamepangwa sako kwa bako, moyo wangu hupata uzito. Alivyofikiri mtu aliyeyapanga siwezi kumsemea.

Majina haya hayabadilishwi. Zimbabwe imekuwa Zimbabwe tangu 1980, lakini kule juu Rhodesia imebaki Rhodesia, na Ruanda bado imeandikwa kwa tahajia ya kikoloni. Sababu yao ni kwamba jina likishatumika katika vitabu na hesabu, kulibadili kunavuruga rekodi. Naielewa sababu hiyo, na bado inaniuma. Siku hizi kanuni ni kali zaidi: mtu au tukio la siasa au vita haliruhusiwi mpaka ipite miaka 100 tangu kifo chake au tangu litokee. Kanuni hiyo ingekuwapo wakati ule, Botha asingeingia, kwa kuwa alifariki 1919.

Lakini Mombasa, mzee wangu, siitoi kwenye furaha yangu. Mji haukuwa wa mkoloni hata siku alipoutawala. Ulikuwa na jina lake karne nyingi kabla hajaja, na jina lililokwenda angani ni lile lile tulilolirithi. Ningependa tu kwamba lingeandikwa na mkono wetu. Mkono huo bado una nafasi, kama utakavyoona kwenye barua ifuatayo.

*

*Mwalimu, tumejaliwa mtoto wa kike. Nimekuta tangazo la kampuni inayouza majina ya nyota na asteroidi, unalipa wanakutumia cheti chenye jina la mtoto. Nataka kumpa zawadi ya maisha. Je, ni halali? Na kama si halali, kuna njia ya kweli?*
*Baba mpya, Kilifi*

Hongera sana, na Mungu amkuze. Usilipe hata senti. Majina ya asteroidi hayauzwi, na ya nyota pia hayauzwi. Mwenye mamlaka ni Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, nao hautozi ada wala hautambui cheti cha duka lolote. Kampuni inakuuzia karatasi. Jina la binti yako litakuwa kwenye daftari la kampuni hiyo, na hakuna mwanafalaki atakayelitumia.

Njia ya kweli ni ndefu. Jiwe ligunduliwe, lifuatiliwe miaka kadhaa, lipate namba. Likishapata namba, mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina, pamoja na maelezo mafupi ya sababu yake. Jina linakwenda kwenye kamati maalumu ya Umoja huo. Lisizidi herufi 16, pamoja na nafasi. Ikiwezekana liwe neno moja, litamkike, lisiwe tusi kwa mtu, lisifanane mno na jina lililopo. Jina la biashara halipiti. La paka na mbwa halipendelewi. Jina la mtoto wa mtu linaweza kupita, ikiwa mgunduzi mwenyewe ndiye aliyelileta. Mpaka sasa asteroidi zenye namba zimezidi 700,000, na zenye majina hazifiki hata 30,000. Mawe yasiyo na jina ni mengi kupita kiasi, ndiyo maana hasira yangu kwa wauzaji wa vyeti haiishi: wanauza kitu ambacho mtoto anaweza kukifanyia kazi.

Nasema anaweza, na simaanishi ndoto. Kuna mradi wa Ushirikiano wa Kimataifa wa Utafutaji wa Kifalaki, unaoendeshwa kutoka chuo kikuu cha Hardin-Simmons, Texas. Hutoa bure kwa vikundi vya wanafunzi na watu wa kawaida picha halisi za darubini ya Pan-STARRS iliyopo Hawaii. Kikundi hupewa seti za picha za eneo moja la anga zilizopigwa kwa kupishana dakika chache, kikazitazama moja baada ya nyingine kwa haraka, kikatafuta nukta inayohama. Ni ile ile kazi ya Jackson, bila kioo wala dawa ya kuoshea. Wakipata nukta mpya wanaandika ripoti, inakaguliwa, inakwenda Cambridge. Baada ya hapo ni kungoja, pengine miaka mingi, kama Tanga ilivyongoja. Njia yake ikithibitika, kikundi kinaweza kupata nafasi ya kupendekeza jina.

Binti yako bado mchanga, lakini shule za Kilifi zina watoto wenye macho makali. Kamtafute mwalimu wa fizikia au jiografia aliye karibu nawe. Maombi hufanywa kwa kikundi, si na mtoto mmoja mmoja. Wanahitaji intaneti ya kutosha kupakua picha, na kompyuta ya Windows, kwa sababu programu inayotumika, Astrometrica, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kampeni moja huchukua kama mwezi. Kabla ya kuanza, wafanye lile zoezi la karatasi mbili nililomwandikia mwanafunzi wa Tudor, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka jicho lizoee kungoja nukta iruke.